Kesi ya Ardhi: Namna ya Kuandaa Nyaraka Zako Kabla ya Siku ya Kusikilizwa

Kwenye kesi ya ardhi mtu anaweza kuwa mmiliki halali, majirani wote wakalijua hilo, mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake ikawa imezaa miaka na miaka, na bado akashindwa. Mkataba wake ulibaki ndani ya faili la baraza bila kupokelewa kuwa kielelezo, yaani waraka uliokubaliwa rasmi kuwa ushahidi. Au alileta fotokopi bila kueleza halisi iko wapi. Au shahidi pekee aliyeweza kuuzungumzia mkataba hakuitwa. Inauma, kwa sababu karibu kila kosa la aina hiyo lingerekebishwa nyumbani, mezani, wiki chache kabla ya tarehe.

Mwongozo huu ni wa anayekwenda mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hapa Tanzania, awe mdai au mdaiwa, awe na wakili au anajisimamia mwenyewe. Kwa Mahakama Kuu, Kitengo cha Ardhi, misingi ni ileile ila taratibu ni kali zaidi, na huko ni vema upate wakili mapema. Hata ukiwa na wakili, sehemu kubwa ya kazi hii ni yako. Wakili hawezi kujua kwamba risiti ya mwaka 2009 imehifadhiwa kwenye sanduku la mama mkwe.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mpaka mwisho. Tuseme ulinunua shamba la ekari 2 katika kijiji kimoja wilayani Kisarawe mwaka 2009, ukapanda mikorosho. Mwaka 2019 jirani wa upande wa mashariki akavuka mpaka, akakata miti na kujenga banda, akidai eneo hilo aliachiwa na baba yake.

Hatua ya 1: Hakikisha una nyaraka za kukuingiza mlangoni

Kabla ya kuthibitisha kuwa shamba ni lako, lazima uthibitishe kuwa una haki ya kusikilizwa pale ulipo. Shauri likitupwa kwa sababu hizi, mkataba wako mzuri hautafunguliwa hata ukurasa wa kwanza.

Ya kwanza ni cheti cha Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena uamuzi wa nani mwenye ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa hutoa cheti kuthibitisha kuwa usuluhishi umeshindikana. Baraza la Wilaya halisikilizi shauri lisilo na cheti hicho, isipokuwa kama siku 30 zimepita tangu ulipopeleka lalamiko kata na hakuna suluhu iliyopatikana. Ukiwa katika hali hiyo ya pili, tunza uthibitisho wa tarehe uliyopeleka lalamiko: nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa, au stakabadhi. Bila tarehe hiyo, siku 30 utazihesabuje?

Ya pili ni thamani. Baraza la Wilaya lina uwezo wa kusikiliza shauri la kurejeshewa ardhi au nyumba yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, na mashauri mengine ambayo thamani yake inaweza kukadiriwa kwa fedha, isiyozidi shilingi milioni 200. Ukiwa na ripoti ya mthamini, iweke kwenye faili.

Ya tatu ni muda. Kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12. Katika mfano wetu uvamizi ulianza 2019, kwa hiyo kila karatasi inayoonyesha lini ulianza ina thamani: barua ya malalamiko kwa mtendaji wa kijiji, taarifa ya polisi, picha ya banda likiwa msingi. Wanaodai ardhi ya marehemu wawe macho zaidi. Kama marehemu alikuwa anaimiliki na kuitumia mpaka anafariki, miaka 12 huhesabiwa kuanzia siku ya kifo, wala haisubiri familia imalize kukubaliana nani asimamie mirathi.

Na hapo kwenye mirathi ndipo wengi hukwama. Mtoto wa marehemu, hata akiwa mmoja tu na hata akiwa anaishi kwenye nyumba hiyo, hawezi kufungua shauri la mali ya marehemu kwa jina lake kwa kuwa tu ni mtoto. Anayeshtaki au kushtakiwa ni msimamizi wa mirathi. Karatasi inayotakiwa ni barua ya usimamizi, ambayo kwa Mahakama ya Mwanzo ni ile fomu namba IV. Muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi. Kikao humpendekeza mtu. Mahakama ndiyo inayomteua.

Mwisho, kama unayemlalamikia ni halmashauri ya wilaya, ya kijiji au taasisi ya serikali, kuna notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa, na shauri huenda Mahakama Kuu. Usijaribu njia ya mkato hapo.

Hatua ya 2: Andika historia ya ardhi yako kwa tarehe

Chukua daftari. Usianze na sheria, usianze na uchungu wako. Andika tarehe, kilichotokea, nani alikuwepo, na karatasi gani inaonyesha hivyo. Kwa shamba letu la Kisarawe ingekuwa hivi:

14 Juni 2009. Nilinunua ekari 2. Walikuwepo muuzaji, mke wake, mjumbe, mtendaji wa kijiji, na majirani wawili wa mpakani. Karatasi: mkataba wa mauziano.

Julai 2009. Halmashauri ya kijiji iliridhia mauzo. Karatasi: muhtasari wa kikao. Sina nakala, upo ofisi ya kijiji.

Desemba 2009. Nilipanda mikorosho. Alikuwepo kibarua wangu. Karatasi: hakuna.

Machi 2019. Jirani alikata mikorosho 11 upande wa mashariki. Alikuwepo mdogo wangu. Karatasi: picha kwenye simu yake; barua yangu kwa mtendaji.

Angalia safu ya mwisho. Pale ulipoandika "hakuna" na "sina nakala" ndipo kazi yako ya wiki zijazo ilipo. Na pale ambapo karatasi haipo kabisa, angalau umejua shahidi gani abebe sehemu hiyo. Kibarua aliyepanda mikorosho mwaka 2009 anaweza kuwa shahidi mzito kuliko risiti yoyote, maana umri wa miti unaonekana kwa macho na unaunga mkono maneno yake.

Usijilazimishe kukumbuka tarehe kamili. Kama unachojua ni "baada ya msimu wa korosho wa 2009", andika hivyo. Ukibuni tarehe leo, maswali ya dodoso, yaani yale anayokuuliza upande wa pili, yataifumua mbele ya mwenyekiti, na baada ya hapo hata tarehe zako za kweli zitatiliwa shaka.

Hatua ya 3: Kusanya nyaraka kulingana na njia uliyoipata ardhi

Watu hubeba kila karatasi yenye mhuri. Swali la kujiuliza ni moja: ardhi hii ilikujaje mkononi mwangu? Jibu ndilo linaloamua karatasi ipi ni mzizi na zipi ni matawi.

Kama ulinunua, mzizi ni mkataba wa maandishi. Sheria ya Ardhi inataka makubaliano ya kuhamisha miliki yawe kwenye maandishi. Ukishaushika mkataba wako, rudi nyuma: muuzaji aliipata vipi? Ukinunua kwa mtu asiye mmiliki, hata ulipe mbele ya kijiji kizima, hukupata kitu, kwa sababu hakuna anayeweza kutoa asichokuwa nacho. Kwa hiyo tafuta pia karatasi za muuzaji: mkataba wake wa zamani, barua yake ya usimamizi kama aliuza mali ya marehemu, ridhaa ya mwenzi wake kama palikuwa nyumba ya ndoa. Kama muuzaji yu hai, mtafute sasa. Muuzaji anayesimama na kusema "ni kweli nilimuuzia, na mpaka ulikuwa pale kwenye mwembe" ni msaada mkubwa mno, na nasikitika kuona jinsi watu wanavyogombana naye wakamkosa siku wanapomhitaji.

Kwa ardhi ya kijiji, mauzo yanahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Kama uligawiwa na kijiji, halmashauri ilipaswa kwanza kupata ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Hapo unatafuta muhtasari wa mkutano wenye mahudhurio na saini, na kama ipo, hati ya hakimiliki ya kimila. Nenda ofisi ya kijiji kwa barua, si kwa mdomo. Andika unaomba nakala ya muhtasari wa tarehe fulani kwa ajili ya shauri namba fulani, na nakala yako ya barua igongwe mhuri wa kupokelewa. Wakikupa nakala, mtunza kumbukumbu aithibitishe yeye mwenyewe. Wasipokupa, barua hiyo ndiyo itakayokusaidia kuliomba Baraza litoe wito kwa mtendaji aje na daftari.

Kwa kiwanja kilichopimwa, mzizi ni hati miliki, au barua ya toleo kama hati haijatoka, pamoja na ramani ya upimaji. Hata kama hati iko mkononi mwako, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Majibu ya upekuzi yanaonyesha jina gani limeandikishwa, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio lililowekwa. Ni bora ujue leo kuliko kuambiwa na wakili wa upande wa pili ukiwa umesimama kizimbani.

Kama ulirithi, unganisha mnyororo bila kuacha pete: cheti cha kifo, barua ya usimamizi, orodha ya mali za marehemu, na hesabu ya mgawanyo iliyofungwa mahakamani, zile fomu namba V na VI kwa Mahakama ya Mwanzo. Kama shamba linalogombewa halimo kwenye orodha ya mali, jiandae kulieleza mapema. Litaulizwa.

Matawi ni mengine yote: stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, kodi ya jengo, leseni ya makazi, bili za maji na umeme, kibali cha ujenzi, mikataba ya wapangaji, barua za onyo, picha. Yana uzito kwa sababu yanaonyesha umekuwa ukiitumia ardhi kama mwenye mali. Lakini stakabadhi ya kodi peke yake inasema fulani alilipa. Haisemi ardhi ni ya nani. Vivyo hivyo mhuri wa serikali ya mtaa kwenye mkataba. Unaonyesha mauzo yalishuhudiwa, na hiyo ni faida, ila mhuri haumgeuzi mtu kuwa mmiliki.

Hatua ya 4: Tenganisha halisi na nakala, kisha tibu kasoro

Weka karatasi zako mafungu mawili mezani: halisi upande mmoja, nakala upande mwingine. Kanuni ya Sheria ya Ushahidi ni kwamba waraka huthibitishwa kwa waraka wenyewe. Nakala huruhusiwa kwa sababu maalumu, na sababu hizo lazima uzijengee msingi.

Kama halisi imepotea au imeungua, unahitaji taarifa ya upotevu ya polisi na maelezo ya lini, wapi na jinsi ulivyotafuta. Maelezo hayo uyatoe kwenye ushahidi wako kabla ya kuomba nakala ipokelewe. Kama halisi iko kwa mpinzani wako, mwandikie notisi ya kumtaka ailete siku ya kusikilizwa, nakala ya notisi ipelekwe Baraza. Asipoileta, unaomba nakala yako itumike. Kama iko benki kama dhamana, omba benki barua inayothibitisha hivyo. Watu wengi hudhani mhuri wa wakili wa "nakala halisi ya waraka halisi" unamaliza tatizo. Unasaidia kwenye viambatanisho, lakini siku ya ushahidi bado utaulizwa: halisi iko wapi?

Halafu ushuru wa stempu. Mkataba wa mauziano unatakiwa kulipiwa ushuru huu TRA, na kwa mauzo ya kawaida ya nyumba na viwanja ni asilimia 1 ya thamani. Mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kupokelewa kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Hili ni pingamizi ambalo mawakili hulitoa haraka, na dawa yake iko wazi: lipa kabla ya siku ya kusikilizwa, ambatanisha stakabadhi.

Majina nayo yaangalie herufi kwa herufi. Mkataba unasema Mwajuma Saidi, kitambulisho cha NIDA kinasema Mwajuma Said Juma, hati inasema M. S. Juma. Wewe unajua ni mtu mmoja, Baraza halijui. Tengeneza hati ya kiapo ya majina mapema. Kagua pia namba ya kiwanja, kitalu, jina la kijiji, na ukubwa wa eneo. Kijiji kikigawanywa baada ya wewe kununua, jina la zamani litakuwa kwenye mkataba na jipya kwenye shauri. Liseme hilo wazi.

Picha za simu, ujumbe wa WhatsApp, miamala ya simu na sauti zilizorekodiwa hupokelewa chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ila lazima uonyeshe uhalisi wake. Usifute picha kwenye simu baada ya kuichapisha. Usiuze simu. Mwenye simu aandae hati ya kiapo inayosema ni simu gani, nani aliitumia, picha ilipigwa lini, ilihamishiwaje kwenye kompyuta na kuchapishwa wapi, na kwamba haikubadilishwa. Katika mfano wetu picha ziko kwenye simu ya mdogo wako, kwa hiyo kiapo ni chake, na shahidi wa picha ni yeye.

Na hapa niseme jambo bila kuzunguka. Ukikuta mkataba wako una pengo, usimtafute mtu wa kukuandikia mwingine wenye tarehe ya nyuma. Usimwombe mwenyekiti wa zamani agonge mhuri aliobaki nao nyumbani. Kughushi ni jinai, na karatasi moja ya kughushi inaua zile tisa za kweli. Pengo lielezwe kwa mashahidi.

Hatua ya 5: Kila karatasi ipewe mtu wake

Kama una muda wa hatua moja tu katika mwongozo huu, utumie hapa. Karatasi uliyoambatanisha kwenye maombi yako ni kiambatanisho. Inamsaidia mpinzani na Baraza kujua unadai nini. Haijawa ushahidi. Mahakama ya Rufani imelisema hili mara nyingi: kiambatanisho ambacho hakikutolewa na shahidi na kupokelewa kuwa kielelezo hakiwezi kutegemewa kwenye hukumu. Inageuka ushahidi pale mtu anayeijua anapoishika mbele ya Baraza, akaeleza anaijuaje, akaomba ipokelewe.

Kwa hiyo chora jedwali. Upande wa kushoto waraka, katikati jambo unalothibitisha, kulia shahidi atakayeutoa. Shahidi anayefaa ni aliyeuandika, aliyeusaini, aliyeshuhudia ukisainiwa, au anayeutunza kwa wadhifa wake. Mkataba wa 2009: wewe, kwa sababu uliusaini. Muhtasari wa halmashauri ya kijiji: mtendaji aliyepo sasa kama mtunza kumbukumbu, hata kama mwaka 2009 hakuwepo kazini. Ramani: mpima ardhi. Barua ya malalamiko ya 2019: wewe, na mtendaji aliyeipokea akipatikana ni bora zaidi.

Ukimaliza jedwali utaona mambo mawili. Kuna waraka usio na mtu. Mtafutie au uuache. Na kuna shahidi asiye na kazi. Mashahidi watano wanaorudia maneno yale yale wanampa mpinzani nafasi tano za kutafuta mgongano. Wawili wanaojua mambo tofauti wanatosha.

Kaa na kila shahidi, mpe aone waraka wake, muulize anaukumbukaje. Usimfundishe majibu. Mzee wa miaka 75 akisema "hii saini ni yangu, ila siku yenyewe siikumbuki vizuri, ilikuwa mvua za masika", hayo ni maneno ya kweli na yanaaminika. Mwache ayaseme hivyo hivyo.

Hatua ya 6: Lieleze eneo mpaka mgeni aweze kulifika

Hukumu isiyojulikana inahusu kipande gani cha ardhi haitekelezeki, na mashauri yamewahi kubatilishwa kwenye rufaa kwa sababu eneo halikuelezwa. Kanuni za Baraza zinataka maombi yaonyeshe mahali ardhi ilipo. Kiwanja kilichopimwa kina namba na kitalu, mambo yameisha. Shamba lisilopimwa ndilo lenye kazi.

Andika kijiji, kitongoji, kata, ukubwa, kisha majirani wa pande nne na alama zao: kaskazini barabara ya kwenda zahanati, mashariki shamba la mjibu maombi (jirani unayemlalamikia) na mwembe wa mpaka, kusini korongo, magharibi shamba la fulani. Chora mchoro kwa mkono, uonyeshe ni sehemu gani hasa inayogombewa, maana katika mfano wetu hugombani na jirani kwa ekari zote 2, bali kwa ukanda wa mashariki. Kusema "amevamia shamba langu" wakati amevamia robo yake ni kujitafutia maswali.

Baraza linaweza kuamua kwenda kuona eneo. Likienda, alama ulizoandika zikute ziko pale. Usizihamishe, usisafishe mpaka, usipande katani mpya wiki moja kabla. Ukikuta mpinzani anang'oa alama, piga picha, mwite mjumbe ashuhudie, toa taarifa kwa maandishi.

Hatua ya 7: Funga bunda

Hii ni kazi ya jioni mbili. Panga nyaraka kwa tarehe, ya zamani juu. Usizipange kwa aina, kwa sababu mwenyekiti anaposoma anafuata hadithi, na hadithi inakwenda na tarehe. Weka namba ya ukurasa kwa kalamu chini kulia kwenye nakala zote, kutoka 1 mpaka mwisho bila kuanza upya. Mbele weka orodha ya nyaraka: namba, jina la waraka, tarehe yake, ukurasa, na kama ni halisi au nakala.

Toa seti moja ya Baraza, moja kwa kila mpinzani, moja yako ya kuandika pembeni. Nyaraka halisi zisitobolewe wala kupigwa stepla. Zikae kwenye bahasha ya kaki au faili lenye mifuko ya plastiki, moja moja, kwa mpangilio uleule wa bunda. Usifunike mkataba wa zamani kwa plastiki ya kuyeyusha, kwa kuwa hauwezi kugongwa tena alama ya kielelezo juu yake na wino wa saini hauonekani vizuri ukihitaji kuchunguzwa. Piga picha kila waraka halisi pande zote mbili, mpe mtu mwingine wa familia nakala azihifadhi.

Ukigundua waraka muhimu baada ya shauri kufunguliwa, usikate tamaa. Kanuni za mabaraza haya za mwaka 2003, yaani Tangazo la Serikali namba 174, zinaruhusu Baraza kupokea waraka ambao haukuambatanishwa, katika usikilizwaji wa kwanza na hata baadaye kabla ushahidi haujafungwa. Sharti ni kwamba upande wa pili upewe nakala na Baraza lijiridhishe na uhalisi wake. Mpe mpinzani nakala mapema, asaini kuwa amepokea. Kumshtukiza asubuhi ile ile huleta ahirisho, na ahirisho ni nauli yako na ya mashahidi wako.

Hatua ya 8: Siku ya ushahidi

Kwanza hakikisha tarehe ni ya kusikilizwa, maana mara nyingi shauri huitwa kutajwa tu, bila ushahidi kusikilizwa, na siku ya kutajwa huhitaji kuburuta mashahidi. Muulize karani.

Ukifika zamu yako, toa waraka kwa utaratibu huu, na usiruke hatua. Eleza tukio kwanza: lini ulinunua, kwa nani, kwa kiasi gani. Ndipo useme kuwa mliandikishana. Kisha eleza utautambuaje mkataba huo ukiuona. Ukishaonyeshwa, sema mfano:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, huu ndio mkataba niliousema. Nautambua kwa saini yangu iliyo ukurasa wa pili na saini ya muuzaji aliyoitia mbele yangu. Naomba Baraza lako tukufu liupokee kama kielelezo katika ushahidi wangu."

Upande wa pili utaulizwa kama una pingamizi. Wakipinga, jibu hoja yao tu: halisi ni hii, ushuru umelipwa, stakabadhi hii hapa. Mwenyekiti ataamua. Ukipokelewa, unapewa alama na namba, na maudhui yake husomwa kwa sauti. Usomaji huo usiuone ni wa kupoteza muda. Waraka uliopokelewa bila kusomwa umewahi kuleta mabishano kwenye rufaa. Kama umesahaulika, inuka kwa heshima uombe kuusoma.

Andika kwenye nakala yako namba ya kila kielelezo kilichopokelewa na tarehe. Kabla ya kufunga ushahidi wako, linganisha na jedwali la hatua ya 5. Kuna waraka umebaki bila alama? Mwite shahidi wake sasa. Ukishasema "nimefunga ushahidi", kurudi nyuma ni kwa kuomba, na unaweza kukataliwa.

Sikiliza pia nyaraka za mpinzani kwa utaratibu uleule. Akileta fotokopi bila maelezo, mkataba usio na ushuru, au waraka wa mtu ambaye hakuja, pinga hapo hapo, kabla haujapokelewa. Pingamizi la baada ya hapo halina nguvu ileile.

Kiswahili ndiyo lugha ya mabaraza na mahakama tangu marekebisho ya mwaka 2021, kwa hiyo uliza neno lolote usilolielewa. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, nao wako katika wilaya nyingi; ulizia kwenye ofisi za halmashauri yako. Wapelekee lile daftari la tarehe na jedwali la mashahidi, muokoe nusu ya muda.

Hukumu ikisomwa, omba siku hiyo hiyo kwa maandishi nakala ya hukumu, ya amri na ya mwenendo wa shauri, na utunze barua yako yenye mhuri. Muda wa kukata rufaa Mahakama Kuu ni siku 45. Vielelezo vyako halisi vilivyobaki Baraza viorodheshe kwa namba zake. Rufaa ikiisha au muda wake ukipita, andika barua ya kuomba urejeshewe, na vihesabu kimoja kimoja mbele ya karani kabla ya kusaini kuwa umevipokea.